Huduma ya Mjukuu Mwema

Nikisema paukwa, tafadhali usiniitikie. Kaa kimya, sikiliza tu. Katika nchi yetu kuitikia kunakatwa salio, na sitaki kesho uje kunilaumu.

Jina la nchi sitalitaja. Siyo kwamba naogopa. Jina lilishauzwa kwa mwekezaji, na kila ukilitaja unamchangia. Wimbo wa taifa bado tunauimba, ila tukifika penye jina tunakohoa wote kwa pamoja. Mkaguzi wa shule alipokuja alisema hajawahi kusikia watoto wanaokohoa kizalendo kama sisi.

Ni nchi ya adabu sana. Ibara ya kwanza ya katiba yetu inasema mdogo ataamkia na mkubwa ataitikia. Ibara zinazobaki zinahusu namna ya kubadilisha ibara zinazobaki. Lakini hiyo ya kwanza hakuna aliyewahi kuigusa, na kwa kweli hakuna aliyewahi kuivunja, hasa bibi yangu.

Bibi Siwema hajawahi kuacha shikamoo ikaanguka chini. Akiwa anakula, anatoa kijiko mdomoni, anaitikia, anakirudisha. Siku aliyong'olewa jino, mtoto wa daktari aliingia chumbani akamwamkia, na bibi akaitikia koleo likiwa mdomoni. Ilisikika kama "aaahaa", lakini mtoto aliridhika akaenda zake.

Alitulea wawili, dada yangu Zawena na mimi Hidaya. Zawena alikuwa ananizidi kwa kila kitu, maana alikuwa anaongea. Mimi mbele za watu maneno yananigomea. Kuna mwalimu alinifundisha mwaka mzima akidhani mimi ni mgeni nimekuja kutembelea darasa.

Bibi anatengeneza kashata. Zamani alikuwa anazikata kwa macho, baadaye akawa anazikata kwa kupapasa, kwa sababu macho yaliingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema, pande zote mbili. Alikuwa anajua ni asubuhi, anajua ni jioni, ila sura zetu alikuwa anazikumbuka tu.

Kwa bahati nzuri serikali yetu inapasua macho bure. Ilitangaza hilo mara nyingi, na kila ikitangaza inakata utepe upya kwenye mlango uleule wa Hospitali ya Macho ya Taifa. Tulimpeleka bibi, akaandikishwa, akawekwa kidole kwenye mashine. Kisha ofisa akatueleza utaratibu.

"Zamu yako ikifika, mama, mfumo utakutumia meseji. Wewe unajibu NAKUJA. Kwa laini yako mwenyewe, iliyosajiliwa kwa kidole chako mwenyewe, siku hiyohiyo kabla jua halijazama."

"Kwani hamuwezi kumpigia tu?" Zawena aliuliza.

"Hatuwezi. Tunadhibiti vipofu hewa." Akashusha sauti. "Kuna wilaya nzima iligundulika vipofu wake wote wanaona. Wengine walikuwa marubani."

"Na nisipojibu?" bibi akauliza.

"Unarudi mwisho wa foleni."

"Mwisho wa foleni ni wapi, mwanangu?"

Ofisa alitazama kompyuta yake muda mrefu. "Mtu wa mwisho kwenye foleni, mama, kwa sasa bado hajazaliwa."

Kwa hiyo tulielewa. Simu ya bibi isikose chaji, na isikose salio. Basi. Ni hayo mawili tu tuliyotakiwa kuyafanya.

*

Zawena akaitwa kwenye usaili mji mkuu, kampuni ya simu inayoitwa Tupo Pamoja. Bibi aliuza cherehani yake ili Zawena apate nauli na viatu vya kuingilia ofisini. Siku ya kuondoka tulisimama mlangoni wote watatu, bibi ameshika kikombe chake. Bibi ana kawaida hiyo. Kila asubuhi anakunywa chai ya mchaichai akiwa amesimama mlangoni, hakai, eti chai ya kukaa ni chai ya mvivu.

"Bibi, nikipata hiyo kazi nitakuletea hela mpaka uzikatae," Zawena alisema.

"Hela zako kaa nazo. Mimi niamkie tu."

"Kila siku, bibi. Kila siku ya Mungu."

Kazi aliipata. Halafu akanyamaza. Tukipiga, tunaambiwa mteja unayempigia anatengeneza mustakabali wa taifa, jaribu tena baadaye. Bibi alikuwa anasema, "Mwacheni mtoto afanye kazi," na kila simu ya jirani ikilia anageuza kichwa.

Mpaka asubuhi moja ikalia ya kwake. Nikamsomea.

*Shikamoo bibi yangu. Umeamkaje? Mguu vipi leo? Na ile chai yako ya mchaichai bado unainywa umesimama mlangoni?*

Bibi alicheka mpaka chai ikamwagika. Alikuwa amesimama mlangoni, na kikombe mkononi.

"Ni Zawena huyo! Nani mwingine anajua nakunywa nimesimama?"

"Lakini bibi, siyo namba yake. Namba yenyewe fupi, kama imekatwa."

"Si yupo ofisini? Watu wa ofisini hawana muda wa namba ndefu. Mjibu. Mwambie marahaba."

Chini ya meseji kulikuwa na maneno mengine madogo, *vigezo na masharti kuzingatiwa*. Bibi akaniuliza ndiyo nini hayo. Nikamwambia nadhani siku hizi ndiyo wanavyosema wasalaam.

Nikaandika MARAHABA, nikatuma.

Kuanzia hapo bibi akawa mtu mwingine. Meseji zilikuja asubuhi, zikaja mchana, zikaja jioni. *Shikamoo bibi, umekula? Shikamoo bibi, mvua imenyesha huko? Shikamoo bibi, jana hukuniambia kama umelala salama.* Zote zinaanza na shikamoo, na bibi hawezi kuiacha shikamoo. Nikiwa shuleni alikuwa anampa simu mpita njia yeyote. "Mwanangu, nijibie hapo marahaba." Watu walimwonea wivu. Mimi mwenyewe niliona kidogo. Mimi nilikuwa namwamkia kila siku kwa mdomo na hakuwahi kumwaga chai.

Salio nalo lilikuwa linakwenda. Nikiweka vocha asubuhi, jioni hakuna. Nilidhani ni simu imezeeka. Nikanunua vocha nyingine, hela ya kashata yote ikaishia dukani kwa Mpemba, maana meseji ya hospitali ingeweza kuja saa yoyote na isingetukuta tumekauka.

*

Jirani yetu Mzee Kibwana ni dereva mstaafu wa treni. Treni yake ilizinduliwa na marais wawili lakini haijawahi kufika, kwa hiyo alistaafu akiwa bado anaisubiri. Siku hiyo alikuja amechomekea shati.

"Siwema, upo?"

"Nipo. Nitakwenda wapi na macho haya? Karibu, Kibwana, na harufu hiyo ya sabuni unakwenda kuoa?"

"Nimekuja kukukoga tu. Wewe si ndiye unayejidai una mjukuu? Na mimi ninaye. Yule wa kiume, aliyeacha kusema na mimi tangu tumzike baba yake. Ananiamkia sasa. Kila siku!"

"Ee! Hongera."

"Wako ni wa kike, hao kuamkia ni kawaida yao. Wangu ni muujiza. Hida, hebu msomee bibi yako asikie watu wanavyoamkiwa."

Akanipa simu. Nikasoma kwa sauti. *Shikamoo babu yangu. Umeamkaje? Mguu vipi leo? Na ile chai yako ya mchaichai bado unainywa umesimama mlangoni?*

Bibi aliweka chini kisu cha kashata.

"Kibwana, wewe unakunywa mchaichai?"

"Mimi? Tangu lini? Mimi nakunywa kahawa, tena nimekaa."

"Sasa ulimjibu nini?"

"Nilimjibu marahaba."

"Hukushangaa?"

"Nilishangaa. Lakini, Siwema, miaka yote ile, mtoto ameniamkia. Ndiyo nianze kumsahihisha?"

Nikamwomba simu yake tena, nikalinganisha namba. Fupi, ileile. Nikazunguka mtaa mzima na simu zote mbili mkononi, na kwa kuwa siwezi kuongea nilikuwa naonyesha tu. Mama Chausiku anayo. Mzee wa msikitini anayo. Mlinzi wa benki anayo. Kumbe nchi nzima wazee wanakunywa mchaichai wamesimama mlangoni, na wote mguu unawasumbua, na wote salio haliwakai.

Nilirudi nikamwambia bibi. Mzee Kibwana alikuwa anachomoa shati taratibu, upande mmoja, halafu wa pili.

"Labda Zawena aliwasimulia wenzake kazini," bibi akasema. "Labda wenzake walipenda."

*

Tukaenda Mamlaka ya Mawasiliano Mema. Dirishani kulikuwa na tangazo, *Malalamiko yote ni kwa meseji, na meseji zote ni kwa salio.* Karani alikuwa kijana mpole, ana kadi mbili shingoni, moja ya kuingilia ofisini na moja ya kutokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Karani akabonyeza kitu kwenye mashine iliyokuwa mezani, ikatoa mlio.

"Hicho nini?" bibi akauliza.

"Ah, ni majaribio tu. Tunataka tozo ifike mpaka kwenye salamu za mdomo. Tatizo lenu nini?"

"Naamkiwa na watu nisiowajua."

"Hilo siyo tatizo, bibi. Hayo ni maendeleo."

"Wananikata hela."

"Hapana, hapana, tuelewane. Hela hawajakukata. Wanakata salio. Hela ulishaitumia mwenyewe uliponunua vocha."

Bibi alifikiri hilo kidogo. "Na likiisha?"

"Likiisha kampuni inakukopesha yenyewe, hata kuomba huombi. Wamekufikiria. Mtu mzima usije ukaishiwa salio ukavunja adabu. Halafu ukiweka vocha wanachukua chao."

"Nataka kutoka humo."

"Rahisi sana. Wakikuamkia, unajibu neno moja. SITAKI."

Bibi akashika ukingo wa dirisha. "Mtu ameniamkia, mimi nimwambie sitaki?"

"Ndiyo utaratibu."

"Shikamoo bibi, sitaki?"

"Hivyohivyo."

"Mwanangu, wewe kwenu mnajibizana hivyo? Bibi yako ukimwamkia anakujibu hivyo?"

Karani aliinamisha kichwa. Akatazama mlango wa bosi wake, kisha akasogeza mdomo kwenye tundu la dirisha. "Bibi yangu mimi nilimwambia simu aitupe chooni," akanong'ona. Halafu kwa sauti kubwa akasema, "Karibuni tena!"

Njia nzima bibi alikuwa anarudia, siyo kwangu, kwa nafsi yake tu. "Sitaki. Eti sitaki. Nimelelewa wapi mimi?"

Basi nikafanya kwa siri. Bibi alikuwa jikoni anakoroga sukari, meseji ikaingia, nikaandika SITAKI, nikatuma. Simu ikalia palepale.

"Nisomee," bibi akasema kutoka jikoni.

Nilitakiwa nidanganye. Lakini hata uongo unataka uwe unajua kuongea. Nikasoma. *Shikamoo bibi. Mbona umekasirika? Nimekukosea nini mjukuu wako? Leo sitakula.*

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. "Hatakula? Nani amemwambia nimekasirika? Hida, mjibu! Pengine upande wa pili kuna mtoto wa watu kweli, ametumwa tu na yeye. Mwambie marahaba. Mwambie bibi hajakasirika, ale."

Nikamwambia. Ikaja nyingine, hongera, tumejiunga upya, safari hii daraja la dhahabu. Sukari ilikuwa imeungua.

*

Meseji ya hospitali ilikuja mchana, siku ya Sherehe za Ubunifu wa Taifa, siku ambayo shule hufungwa ili tukapeperushe bendera barabara ambayo msafara haupiti. Nilikuwa nimebaki nyumbani. Nilipoona namba fupi nilidhani ni shikamoo nyingine.

*Siwema Makame. Zamu yako ya upasuaji wa macho imefika. Jibu NAKUJA kabla jua halijazama.*

Bibi alinyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena. Akanivuta, akaweka kiganja juu ya kichwa changu, akakiteremsha mpaka kwenye bega lake kupima.

"Nasikia tu umerefuka. Nitakuona sasa. Haya, andika. NAKUJA. Andika vizuri."

Niliandika vizuri. *Salio lako halitoshi.*

Nikakimbia kwa Mpemba, nikarudi na vocha, nikaiingiza. *Ahsante. Tumechukua deni lako la marahaba. Salio lako halitoshi.*

Nikarudi kwa Mpemba. Akanipa nyingine kwa kunikopesha. *Ahsante. Tumechukua deni lako la marahaba.* Katikati ya hiyo ikaingia shikamoo nyingine, *Shikamoo bibi, leo umenisahau?* na mimi sikuijibu, nakuapia sikuijibu, lakini tulikuwa daraja la dhahabu, na daraja la dhahabu linakuitikia lenyewe.

Mzee Kibwana alileta vocha yake, hiyo hiyo moja aliyokuwa ameificha kwenye kofia. Nayo ikaenda. Akataka tutumie simu yake, nikamkumbusha, ni kwa laini ya bibi tu, iliyosajiliwa kwa kidole cha bibi.

"Basi mpigie dada yako," akasema. "Anafanya kazi humohumo tumboni mwa hilo lidude. Mpigie kwa simu yangu, mimi silipii daraja la dhahabu."

Safari hii dada alipokea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba! Hida? Jamani, mdogo wangu! Ongea haraka, niko nyuma ya jukwaa, wananipaka poda."

Sijawahi kuongea maneno mengi namna ile kwa mkupuo mmoja. Nilimwambia hospitali, nilimwambia NAKUJA, nilimwambia vocha zote. Nilimwambia jua liko usawa wa paa la msikiti.

Nilisikia mtu anamwambia afumbe macho, poda isiingie.

"Kwa nini hakujibu SITAKI?" dada akauliza.

"Dada, unamjua bibi."

"Namjua," akasema. "Ndiyo maana..." Akakatiza. "Sikia, Hida. Mfumo hautoi mtu mmoja mmoja. Ukimtoa mmoja, unafungua mlango. Nikishuka jukwaani nitaongea na watu wa mfumo."

"Jua linazama, dada."

"Washeni tivii tu. Nimemtaja bibi. Mtafurahi!"

Akakata.

*

Tivii ilikuwa kwa Mzee Kibwana. Bibi alikaa karibu kabisa, sikio kwenye kioo, simu yake mapajani. Alisema pengine Zawena anatengeneza mambo, tusiwe na haraka ya kumfikiria vibaya.

Alianza Waziri wa Mawasiliano na Furaha. Alivaa joho, na juu ya joho alivaa joho.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Wenzetu Mungu aliwapa mafuta. Wengine aliwapa dhahabu. Sisi tukalia, tukasema, Mungu umetusahau. Kumbe alitupa marahaba!"

Makofi.

"Chini ya kila mzee wa nchi hii kuna marahaba ambazo hazijachimbwa! Babu zetu waliitikia bure, miaka na miaka, rasilimali inapotea hewani, hakuna aliyevuna! Leo kwa kila marahaba moja, kampuni inapata chake, serikali inapata tozo yake, na mzee anapata heshima yake. Nani amepoteza? Nauliza, nani amepoteza?"

Hakuna aliyepoteza, ukumbi wote ulisema. Mzee Kibwana alikuwa amevua kofia anaangalia ndani yake, pale ilipokuwa vocha.

Kisha akaitwa Mbunifu Bora wa Taifa, mwasisi wa Huduma ya Mjukuu Mwema. Akapanda Zawena. Alikuwa mzuri. Viatu vilevile vya hela ya cherehani, ila vimepakwa rangi mpya.

"Wazo hili nililipata nyumbani," Zawena alisema, na sauti yake haikutetemeka, haijawahi. "Nina bibi. Bibi yangu hawezi kuacha salamu bila kuiitikia. Hata akiwa anakula. Hata aking'olewa jino!" Wakacheka. "Kila asubuhi anakunywa chai ya mchaichai amesimama mlangoni. Sisi wadogo tulidhani ni tabia tu ya mtu mzima. Nilipokua ndiyo nikaelewa, anasimama pale ili asikose wa kumwamkia. Nikajiuliza, wako wangapi kama yeye, wenye kiu hiyo? Na je, sisi kama kampuni, tunawezaje kuwafikia?"

Ukumbi ulisimama. Waziri alifuta machozi kwa ncha ya joho la chini.

Dirishani kwa Mzee Kibwana mwanga ulikuwa umeshapanda ukutani, mwembamba, ukatoka. Simu ikalia mapajani mwake. Nikasoma.

*Hukujibu. Nafasi yako amepewa mwingine. Umerudishwa mwisho wa foleni. Hospitali ya Macho ya Taifa, tunakuona.*

Mzee Kibwana akazima tivii. "Siwema," akasema, "usimsikilize. Watoto wakipewa kipaza sauti..."

"Nilikuwa nadhani hanisikilizi nikiongea," bibi akasema. "Yule mtoto. Nilikuwa nikiongea namwona anatazama pembeni. Kumbe alikuwa anasikiliza sana."

Akaomba nimshike mkono turudi nyumbani. Asubuhi yake alikunywa chai jikoni. Amekaa.

*

Zawena alikuja kwa gari la kampuni, na nyuma yake gari lingine lenye kamera. Walitaka kupiga tangazo, mjukuu mwema anarudi kwa bibi. Mtu wa kamera alizunguka uani kutafuta pa kusimama, akauliza kama kuku wanaweza kusogea kushoto. Mtaa mzima ulijaa kwenye ua. Walileta kochi, walileta cherehani mpya imefungwa utepe, ya umeme, na nyumba yetu haina umeme.

Bibi alikuwa kwenye mkeka wake, sinia la kashata mbele yake, anakata kwa kupapasa. Alisikia magari. Alisikia viatu. Nadhani alivijua hata kabla ya sauti.

Zawena alivua miwani, akapiga goti moja, vizuri kabisa, upande wa kamera.

"Shikamoo, bibi yangu."

Kisu kilikata kashata. Kikakata nyingine.

Watu walisubiri. Sisi wa nchi hii hatujui kusubiri hapo, hatujazoea. Marahaba huwa inakuja kabla shikamoo haijafika mwisho. Mtoto mmoja mdogo akamvuta mama yake nguo, akauliza, "Bibi amekufa?"

"Shikamoo, bibi," Zawena akarudia. Hii ya pili haikuwa ya kamera. Niliijua, ilikuwa sauti yake ya zamani, ya kuomba kulala karibu na ukuta.

Bibi akafuta vidole kwenye kanga, kimoja kimoja. Akageuka, siyo kwake. Alinigeukia mimi, akaitafuta simu ubavuni, akanipa.

"Hida. Nijibie."

"Nimwandikie nini, bibi?"

"Si wanasema liko neno." Akarudi kwenye sinia lake. "Andika SITAKI."

Nikaandika. Neno lenyewe ni fupi. Salio halikuwepo, ila SITAKI inakwenda hata bila salio, wanaiongeza tu kwenye deni. Ikaenda. Ua mzima ulikuwa kimya, hata wa kamera alikuwa ameshusha kamera yake, ndiyo maana simu ilipolia kila mtu aliisikia.

Bibi hakuniambia nisome. Niliisoma mwenyewe. Na mimi, ambaye siwezi hata kujibu "nipo" darasani likiitwa jina langu, niliisoma kwa sauti, mbele za watu wote, nikimtazama dada yangu.

"Shikamoo bibi. Mbona umekasirika? Nimekukosea nini mjukuu wako? Leo sitakula."

Zawena alikuwa bado amepiga goti. Midomo yake ilikuwa inayafuata maneno nikisoma, mpaka mwisho, maana ni yeye aliyeyaandika. Alimtazama bibi, akangoja aulizwe kama amekula.

Bibi akaokota kisu, akapapasa palipobaki pa kukata, akaendelea.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama imekufika, nashukuru. Usiniitikie.